Beringi Haifi Bure

Mtu afikaye Sumbawanga katika miezi ya mavuno huusikia mji kabla hajautembea. Mahindi yanapoanza kuingia kutoka vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa, mashine za kusaga hufunguliwa alfajiri, wakati watu bado wamejikunyata ndani ya makoti kwa ajili ya baridi, na mvumo wake haunyamazi mpaka usiku. Sikio lisilozoea husikia kelele moja tu. Sikio lililozoea hutambua kwamba mashine hii yavuma sawasawa, ile yapiga mluzi, na ile ya tatu yakwaruza kama mtu atafunaye mchanga. Mluzi na mkwaruzo huo aghalabu hautoki katika kinu chenyewe. Watoka katika mota, katika kipande kidogo cha chuma kiitwacho beringi.

Makala haya yanahusu kipande hicho, na hoja yangu ni moja. Katika nchi yetu tumekuwa hodari wa kubadili beringi, lakini hatujawa hodari wa kuuliza ile iliyotolewa ilikufa kwa sababu gani. Kwa hiyo twabadili tena na tena, katika kinu cha kijijini na katika mtambo mkubwa wa kupoza wa ghorofa la mjini, na kila mara twadhani kwamba tumetengeneza, kumbe tumeahirisha tu.

Kazi ya kipande kidogo

Msomaji ambaye hajapata kuifungua mota na afikiri mhimili wa chuma, yaani shafti, unaozunguka ndani ya ganda lisilozunguka. Kati ya kinachozunguka na kilichotulia lazima pawepo kitu cha kupunguza msuguano. Kitu hicho ni beringi: pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na baina yake gololi zilizopangwa kwa nafasi zilizo sawa. Grisi kidogo huzifunika. Mashine inapozunguka, grisi hiyo hufanya utando ambao kwa kawaida unene wake haufikii hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani ni mnene kuushinda makumi ya mara. Uhai wote wa beringi umo katika utando huo. Chochote kiutoboacho, kiwe vumbi, maji, mzigo uliozidi au cheche ya umeme, huanza kuiua.

Mota ya kawaida ya mashine ya kusaga huzunguka kiasi cha mara 1,450 kwa dakika, yaani mara 87,000 kwa saa. Mota ya mtambo wa kupoza isiyolala usiku wala mchana, ikiwa ina mwendo huohuo, hupita mizunguko milioni 2 kwa siku moja. Lakini beringi nzuri, iliyochaguliwa na kufungwa kama ipasavyo, hustahimili kazi hiyo kwa miaka. Basi inapokufa baada ya majuma machache, jambo hilo si la kawaida. Ni habari, na yatupasa kuisoma.

Wahandisi wawili wa Uswidi, Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren, walitoa mwaka 1947 kanuni ya umri wa beringi ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa hesabu za kazi hii. Wao hawakuuliza beringi moja itaishi siku ngapi, kwa maana hakuna ajuaye. Waliuliza ni mizunguko mingapi ambayo beringi 90 katika kila 100 zitaifikia kabla chuma chake hakijachoka. Jibu lao, kwa beringi za gololi, lina neno moja ambalo kila mwenye mashine angefaa kulikariri: mzigo ukiongezeka mara 2, umri haupungui kuwa nusu, bali huwa sehemu 1 ya 8. Anayekaza mkanda kupita kiasi hapotezi kidogo. Aweza kugeuza miaka minane kuwa mwaka mmoja kwa kugeuza spana mara chache tu.

Mashine yenye mkosi

Miaka michache iliyopita nilikwenda nyumbani likizo. Mjomba wangu ana mashine ya kusaga katika kijiji kisicho mbali na mji, nayo huendeshwa na mota ya kilowati 15. Msimu huo beringi ya upande wa mkanda ilikuwa imebadilishwa mara tatu. Kina mama walikuwa wakipanga ndoo zao toka asubuhi, kisha mashine husimama na wao hubeba mahindi yao vichwani kwenda kijiji cha pili.

"Mjomba, mashine hii ina mkosi," aliniambia. "Wewe umesoma mpaka Ulaya. Nieleze nimekosea wapi."

Nakiri kwamba sikuwa na la kumwambia. Shahada yangu ya uzamivu niliipata Uswidi, na nilikuwa nimetumia miaka kadhaa nikikokotoa unene wa utando wa mafuta katika mashine zilizofungwa ndani ya maabara safi. Niliomba nionyeshwe beringi zilizotolewa. Ya kwanza ilikuwa imetupwa. Ya pili ilikuwa imevunjwa na watoto, ambao kila mtu ajua wanavyopenda gololi. Ushahidi wangu ulikuwa umo mifukoni mwao, nao walikuwa wakiuchezea chini ya mwembe. Ya tatu peke yake ilikuwa bado nzima, imetumbukia katika kopo la misumari.

Aliyeisoma beringi hiyo si mimi. Ni fundi mmoja mzee wa mjini, ambaye aliikata kwa grainda, akaifuta kwa kitambaa, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. Ndani yake grisi ilikuwa imegeuka ugali mweusi. Njia ya gololi katika pete ya nje ilikuwa imechimbika upande mmoja tu, upande ule uvutwao na mkanda. Upande wa pili ulikuwa bado unang'aa.

"Mwalimu," alisema, "hii haikufa kwa uzee. Imekula unga, na tena imevutwa kama ng'ombe aliyefungwa kamba fupi."

Tukaenda kuitazama mashine. Beringi zilizofungwa zilikuwa za aina iliyo wazi, zisizo na kifuniko cha kuzuia vumbi, na palipokuwa na sili pamebaki shimo. Mikanda ilikuwa imekazwa mpaka ikilia kama uzi wa zeze. Kwa nini ilikazwa hivyo? Kwa sababu ilikuwa ikiteleza. Kwa nini iliteleza? Kwa sababu mifereji ya puli ilikuwa imelika hata ikawa kama bakuli, na mkanda mpya ukitiwa humo haushiki. Basi ugonjwa haukuwa beringi, wala haukuwa mota. Ugonjwa ulikuwa puli. Beringi tatu ziliuawa na puli moja iliyochoka, zikisaidiwa na unga, na hakuna aliyeuliza mpaka ya tatu ilipokatwa. Puli ilibadilishwa, mikanda ikakazwa kwa kiasi, beringi zenye vifuniko zikafungwa, na mkosi ukaondoka.

Kosa langu mwenyewe

Huenda msomaji akasema kwamba mambo hayo ni ya vijijini, na kwamba penye wahandisi na mitambo ya kisasa hali ni tofauti. La hasha. Nitasimulia kisa cha pili, ambacho ndani yake mkosaji ni mimi.

Katika majengo makubwa ya Dar es Salaam hewa hupozwa kwa mtambo mmoja mkubwa ambao mafundi huuita chila. Chila haipulizi hewa baridi. Hupoza maji, na maji hayo husukumwa kwa mabomba mpaka kila ghorofa. Moyo wake ni kompresa inayobana gesi, na kompresa hiyo huzungushwa na mota ambayo nguvu yake yaweza kufika mamia ya kilowati. Katika jengo moja, ambalo ndani yake mlikuwa na maabara zenye sampuli zisizostahimili joto, beringi ya nyuma ya mota hiyo ilikuwa ikifa kila baada ya miezi michache. Wenye jengo waliniomba ushauri. Nilisoma taarifa, nikasikiliza mtetemo wa mota, nikawaambia wanunue beringi ya gharama kubwa zaidi. Waliinunua. Nayo ikafa.

Safari ile fundi kijana, binti aliyetoka chuo cha ufundi, aliniletea pete ya beringi hiyo iliyokatwa, ameifunga katika gazeti. Njia ya gololi ilikuwa na mistari iliyopangana kwa usawa, mmoja baada ya mwingine, kama migongo ya bati la kuezekea. Mzigo hauchori hivyo, wala vumbi halichori hivyo. Umeme ndio uchorao hivyo.

Mota ile ilikuwa imeunganishwa na kifaa kinachobadili masafa ya umeme ili kupunguza au kuongeza mwendo kulingana na joto la jengo. Kifaa hicho ni kizuri, huokoa umeme mwingi. Lakini hufanya kazi kwa kuukata umeme vipande vipande, maelfu ya mara kwa sekunde, na mabaki ya ukataji huo hurundika volti juu ya shafti. Volti hiyo hutafuta njia ya kwenda ardhini. Ikikosa njia nyingine hupita katika beringi, huutoboa ule utando wa grisi, na kila cheche huacha kovu dogo juu ya chuma. Makovu mamilioni hufanya mabati. Dawa yake haikuwa beringi ya ghali. Dawa ilikuwa beringi iliyokingwa isipitishe umeme upande wa nyuma, brashi ya kuupeleka umeme wa shafti ardhini upande wa mbele, na waya za ardhi zilizofungwa vema. Hayo yalipofanywa, mota ilitulia.

Mimi sikuuliza kuiona beringi iliyokufa. Nilikuwa nimemlaumu mjomba kimoyomoyo kwa kuwaachia watoto gololi, kisha nikafanya lilelile nikiwa nimevaa tai.

Namna ya kubadili

Kubadili beringi kwenyewe ni kazi yenye sayansi yake, na sababu nyingi za kifo huingizwa siku ileile ya kuzaliwa. Nitaeleza mambo machache, si kwa kuwafundisha mafundi wanaoyajua, bali ili mwenye mashine ajue ni kazi ya namna gani anayoilipia.

La kwanza ni usalama. Swichi kuu huzimwa, hufungwa kwa kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwa yule atakayeingiza mikono ndani. Kwa chila ambayo mota na kompresa vimo katika ganda moja, gesi lazima ivutwe kwanza na kuhifadhiwa katika mitungi. Kuifungulia hewani ni hasara na ni dhambi kwa anga: baadhi ya gesi hizo huharibu tabaka la ozoni, na ndiyo maana mataifa yaliafikiana Montreal mwaka 1987, nyingine huongeza joto la dunia, na kwa ajili yake mapatano hayo yalirekebishwa mwaka 2016, hapa hapa Afrika ya Mashariki, mjini Kigali.

La pili ni kusoma namba. Beringi iliyoandikwa 6309, ambayo hupatikana katika mota nyingi za kilowati 15, si jina la duka. Tarakimu ya 6 yaonyesha aina ya gololi zenye mfereji wa kina. 3 ni daraja la ukubwa wa umbo. Na 09 ukiizidisha kwa 5 wapata milimita 45, ambazo ni kipenyo cha tundu la shafti. Herufi zifuatazo huonyesha kama ina vifuniko, na kama nafasi baina ya gololi na pete ni ya kawaida au imeongezwa kwa ajili ya joto. Fundi akipewa "yenye namba ile ile" lakini herufi tofauti, hajapewa ile ile.

La tatu ni nyundo. Beringi inayokaa kwa kubana juu ya shafti haipigwi. Pigo likipita katika pete ya nje huzifanya gololi ziwe patasi, nazo huchonga vishimo katika njia zao kabla mashine haijazunguka hata mara moja. Ya zamani huvutwa kwa pula. Mpya hupashwa joto. Chuma kikipashwa hutanuka kiasi cha sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzi moja. Pasha beringi yenye tundu la milimita 45 kutoka nyuzi 20 za asubuhi ya Sumbawanga mpaka nyuzi 100, nalo litapanuka kiasi cha sehemu 43 za elfu za milimita. Ni kidogo mno kwa jicho, lakini yatosha beringi kuteleza mpaka mahali pake pasipo kupigwa. Isipashwe kwa moto wa wazi, wala isivuke nyuzi 120, maana hapo ugumu na vipimo vya chuma huanza kuharibika.

La nne ni grisi. Si kila grisi huafikiana na nyingine. Zenye sabuni za aina mbalimbali zikichanganywa zaweza kuyeyuka na kutoka. Na wingi wake si ukarimu. Nafasi iliyomo ikijazwa kati ya theluthi na nusu, yatosha. Ikijazwa pomoni, gololi huikoroga, joto hupanda, na grisi huungua.

La tano ni kunyoosha. Shafti ya mota na shafti ya kompresa lazima ziwe mstari mmoja, nazo hupimwa kwa kipimo cha saa chenye kuonyesha sehemu za mia za milimita. Jicho na rula havitoshi.

Kuna na kifo kimoja ambacho watu wa Ufipa wana haki ya kukijua kuliko wengine, nacho ni kifo cha njiani. Barabara ya kutoka Tunduma mpaka Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, ilikuwa ya vumbi na mashimo kwa miaka mingi kabla ya kutiwa lami. Mota mpya iliyolazwa ndani ya lori bila kuifunga shafti yake hutikiswa mahali pamoja kwa saa nyingi; gololi husugua chuma zikiwa zimesimama, utando wa grisi ukiwa umekamuliwa, na huacha alama. Mota hiyo hufika ikiwa mpya kwa macho, mgonjwa kwa ndani. Barabara kuu sasa ni nzuri, lakini njia za kushukia ziwani na vijijini bado zina mitikisiko yake.

Fundi wa Göteborg na wafua chuma wa Ufipa

Ni nani aliyetupatia beringi ya kisasa? Wengi hudhani ni profesa. Mmoja wa walioibadilisha kazi hii kabisa alikuwa mhandisi wa matengenezo katika kiwanda cha nguo cha Göteborg, aitwaye Sven Wingquist. Kiwanda chake kilijengwa juu ya udongo wa mfinyanzi ambao ulikuwa ukijongea kidogo kidogo. Mihimili mirefu iliyoendesha mashine ilipinda, na beringi zikafa mfululizo. Angeweza kuendelea kuagiza nyingine na kusubiri. Badala yake aliuliza kwa nini zinakufa, akaona kwamba kosa si la beringi bali la ardhi, na kwamba ardhi haibadiliki. Hivyo akabuni beringi yenye safu mbili za gololi ambayo hujinyoosha yenyewe shafti ikipinda. Mwaka huo ulikuwa 1907, na mwaka huohuo ilizaliwa kampuni ya SKF ambayo jina lake limeandikwa juu ya beringi duniani kote. Mwanzo wake wote ni mtu wa matengenezo aliyekataa kubadili bila kuuliza.

Msomaji asidhani kwamba moyo wa namna hiyo ni wa ugenini. Katika uwanda wa Ufipa, hasa upande wa Nkasi, bado yasimama mabaki ya malungu, yaani matanuri marefu ya udongo ambamo mababu waliyeyushia mawe ya chuma. R. C. H. Greig aliyaandikia habari mwaka 1937, J. A. R. Wembah-Rashid mwaka 1969, na Profesa Bertram Mapunda akayachimbua na kuyachunguza kwa kina katika utafiti wake wa miaka ya 1990. Ilungu ni refu kuliko mtu, nalo halikuhitaji mivuo. Hewa ilijivuta yenyewe kwa ajili ya kimo chake. Lakini kilichotoka humo hakikuaminiwa mara moja. Kilipelekwa katika tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, ambamo kilisafishwa kwa moto wa mivuo kabla mhunzi hajakifua kuwa jembe au shoka. Na kazi ilipoharibika, sababu ilitafutwa. Wao waliitafuta pia katika miiko na dawa, na majibu mengine ya namna hiyo hatuyakubali leo. Hata hivyo swali lao lilikuwa sahihi. Kazi iliyoharibika haikupita bila kuulizwa.

Kwa nini hatuulizi

Yanipasa kuwa mwadilifu. Mwenye mashine atasema: beringi ya mota ndogo si ghali, ikifa natia nyingine, na siku ya mashine kusimama ndiyo hasara yangu, sina nafasi ya kufanya uchunguzi wa maiti. Hoja hiyo ina uzito, lakini hesabu yake haijakamilika. Kati ya rota inayozunguka na stata iliyotulia pana nafasi isiyofika milimita moja. Beringi ikivunjika kabisa, rota hushuka na kusugua stata, nyaya huungua, na mota huhitaji kusukwa upya au kutupwa. Katika chila, vumbi la chuma laweza kuingia katika mafuta na kuiharibu hata kompresa. Na beringi ifayo mara tatu kwa msimu hailipwi mara moja tu.

Wengine humlaumu fundi. Hilo nalo silikubali. Fundi wetu hulipwa kwa beringi aliyoifunga, halipwi kwa sababu aliyoigundua. Mashine isipoharibika tena, yeye hukosa kazi. Hana pula nzuri, hana kipashio, hana kipimo cha saa. Ana nyundo, na aliyempa kazi amesimama nyuma yake akitazama saa. Tukimweka mtu katika hali hiyo kisha tukamdai uchunguzi wa kisayansi, twamwonea.

Lawama kubwa zaidi ni yetu sisi wa vyuo vikuu. Tumefundisha kubuni mashine ambazo hatuzitengenezi, na hatukufundisha kutengeneza mashine tulizonazo. Matengenezo tumeyaona kuwa kazi ya mikono michafu. Mwanafunzi wa uhandisi aweza kuhitimu akiwa ameandika kanuni ya Lundberg na Palmgren ubaoni mara kumi, bila kupata kuishika beringi moja iliyokufa kwa unga.

Yafaayo kufanywa

Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi za kigeni.

Kwanza, beringi iliyotolewa iwe mali ya mwenye mashine, naye asipokee kazi mpaka akabidhiwe ya zamani ikiwa imekatwa, pamoja na maneno machache ya fundi: imekufa kwa unga, au kwa mkanda, au kwa maji, au kwa umeme, au kwa nyundo. Maneno hayo yalipiwe. Fundi akijua kwamba sababu ina bei, ataitafuta.

Pili, kila mota iwe na daftari lake, hata liwe la shule la kurasa 40, limefungwa kwa kamba karibu na swichi. Iandikwe tarehe, namba kamili ya beringi, grisi iliyotiwa, na sababu. Daftari moja la miaka mitano lamjulisha mtu mengi kuliko mtaalamu aliyekuja kwa siku moja.

Tatu, vifaa vinunuliwe kwa ushirika. Mashine za kusaga za Sumbawanga hazihitaji kila moja kipashio, pula na kipimo cha mtetemo. Seti moja yatosha watu wengi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lililoanzishwa mwaka 1973, na vyuo vya ufundi stadi ni mahali pafaapo kuwekwa seti hizo, ziazimwe kwa ada ndogo.

Nne, vyuo vyetu vikusanye beringi zilizokufa. Kabati moja lenye beringi mia moja zilizokatwa, kila moja na habari zake, ni maabara kamili. Na jarida kama hili lingefaa kutoa nafasi kwa taarifa za mafundi, kama vile madaktari wanavyochapisha taarifa za wagonjwa wao, ili aliyoyaona fundi wa Namanyere yamfae fundi wa Mtwara.

Jambo hili litazidi uzito. Ufipa, ambao mji wake mkuu uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, una baridi yake wa kujitosha na hauhitaji chila za kupozea maofisi. Lakini chini kidogo tu, zaidi ya mita 1,000 kutoka uwandani, ndipo lilipo Ziwa Tanganyika, na migebuka wavuliwao Kasanga, Kipili na Kirando hawangoji. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilitegemea umeme uliotoka Zambia na katika jenereta za dizeli. Umeme ukizidi kuenea na kuimarika, itafuata mitambo ya barafu, vyumba vya baridi vya samaki na maziwa, na mota kubwa kuliko za kusaga. Mtambo wa barafu ukisimama siku mbili, mvuvi hapotezi muda tu, hutupa samaki. Tukiipokea mitambo hiyo kwa desturi tuliyonayo sasa, tutaiua kama tulivyoziua beringi za mjomba wangu.

Wenyeji hueleza kwamba jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Mjomba sasa ana daftari lililofungwa kwa kamba karibu na swichi, na lile kopo lake la misumari limekuwa la beringi zilizokatwa. Watoto walilalamika mwanzoni, kwa kuwa walikosa gololi. Nimewanunulia za kioo.